Imani Inayobebeka: Safari ya Familia Moja ya Ruziba

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumzia jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi hapa kambini: kubadili dini. Mtoto anatoka asubuhi akiwa Mkatoliki, jioni anarudi amebatizwa kwenye maji mengi. Mume anasali Ijumaa, binti Jumamosi, mama Jumapili. Wengine wanacheka tu, wengine wanalia, na kuna nyumba ambazo hata sahani zimetenganishwa. Maswali ni yale yale: anayetafuta amepotea, au yuko njiani? Na atajuaje kwamba amefika?

Sisi tunaoandika ni mume na mke, wenyeji wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, pale barabara ya Rumonge inapopita karibu na ziwa. Hatuandiki kama mapadri wala mashehe. Tunaandika kama watu waliozunguka, wakauliza, na leo wanajua wanasali wapi na kwa nini.

MILANGO MINGI YA RUZIBA

Wazee wetu walimjua Imana kabla hawajaona msalaba wala msikiti. Walimtaja kila siku katika majina ya watoto: Habimana, yaani Mungu yupo, Hakizimana, yaani Mungu ndiye anayeponya. Kulikuwa na kubandwa pia, na Kiranga ndiye aliyekuwa mjumbe kati ya watu na Imana. Bibi mzaa baba alibatizwa akiwa mtu mzima, lakini akiimba nyimbo zile za zamani sauti yake ilibadilika, sisi watoto tulinyamaza kabisa.

Uislamu ulifika na wafanyabiashara wa pwani waliopitia Ujiji, na ukakaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mpaka leo. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza, Mapadri Weupe, walifika Rumonge mwaka 1879. Wakapata shida na wakubwa wa pale, watatu wakauawa mwaka 1881, wengine wakaondoka. Walirudi na kujenga Muyaga mwaka 1898. Baadaye wakaja Wasabato, Wapentekoste, Waanglikana, na Wakweka waliofungua Kibimba mwaka 1934. Kwa hiyo kijana wa Ruziba hakuhitaji kwenda mbali kutafuta. Milango ilikuwa mingi, na kila mlango una mtu anayekuita kwa jina.

Mmoja wetu alizaliwa Ruziba katika nyumba ya Kikatoliki. Mwenzake alilelewa na mjomba Mwislamu huko Buyenzi, akasoma madrasa mpaka miaka kumi na miwili. Tulipooana watu walisema, eti hawa watavutana kama kamba. Hatukuvutana. Ila swali lilibaki katikati ya nyumba: watoto tutawafundisha sala gani?

MWAKA WA KUSALI NDANI

Kuna jambo tuliloona Ruziba tukiwa wadogo, na lilitusaidia baadaye. Wakati ule Ruziba ilikuwa bado ya mashamba na wavuvi, mji haujafika. Serikali ya Rais Bagaza ilikuwa imegombana na Kanisa. Wamisionari wengi walifukuzwa, ibada za siku za kazi zikakatazwa, na mwaka 1986 mikutano ya sahwanya, zile jumuiya ndogo za sala, ikapigwa marufuku.

Wazee wakaendelea, lakini bila kelele. Jioni wanakuja mmoja mmoja kama watu wanaotembeleana tu. Mama mmoja anasonga ugali, mwingine anachagua maharage, na katikati ya kazi hiyo rozari inasemwa kwa sauti ya chini. Hapakuwa na padri, kengele wala nguo nzuri. Mwezi wa Septemba 1987 Bagaza akapinduliwa na Buyoya, na milango ikafunguliwa tena. Kuna waliorudi kanisani siku hiyo kwa sababu sasa ilikuwa salama. Na kuna ambao hawakurudi, maana hawakuwa wameondoka.

TULIVYOZUNGUKA

Vita vilianza mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Mwaka 1999 serikali iliwakusanya watu wa vilima vya Bujumbura Rural katika makambi, zaidi ya laki tatu, na sisi tulikuwemo. Mvua, kuhara, njaa. Mtoto wetu wa pili aliugua sana. Waliokuja kila siku na ndoo ya maji walikuwa jirani zetu Wapentekoste. Walichota maji, wakafua, wakaimba, wakatubeba. Tukaenda kusali nao. Kwao tulijifunza kusema mbele ya watu kile ambacho moyo unaficha, na kuomba msamaha bila kuzungukazunguka.

Kambi zile zilifungwa mwaka 2000, tukarudi. Baada ya muda ikaja sehemu nyingine ya kusali, kubwa zaidi, ambapo mhubiri alitaja kiasi cha sadaka kabla ya kutaja andiko, na anayetoa kidogo alikaa nyuma. Tukatoka kimya kimya. Jirani Msabato akatukopesha Biblia yake, tukakaa naye karibu miaka miwili. Huyu alitufundisha kusoma wenyewe, mstari kwa mstari, na kupumzika siku moja kweli kweli, siyo kupumzika kwa mdomo. Katika miaka hiyo pia tulikwenda mara nyingi kwa mjomba Buyenzi. Mzee huyu mwaka 1995, mitaa ilipokuwa inawaka, alilaza watu wa makabila yote mawili kwenye jamvi moja. Tulimuuliza aliwezaje. Akajibu kwamba alikuwa na sala tano kila siku, na hakujua angemwambia nini Mungu kwenye sala ya alfajiri kama angefunga mlango.

Jibu hilo lilikaa na sisi. Tukaanza kuona kwamba tulikuwa tunauliza dini ipi ina nguvu, kumbe kulikuwa na swali lingine: ni imani ipi itakayobaki mikononi siku tutakapopoteza kila kitu?

MZEE WA MBALE

Juu ya swali hilo kuna habari ya mtu mmoja wa Uganda, ambayo kila anayetafuta angefaa kuijua. Anaitwa Semei Kakungulu. Alizaliwa karibu mwaka 1869, akaingia Buganda kijana wakati wa Kabaka Mwanga. Buganda ya siku zile ilikuwa kama soko la dini. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walishindana kwa Mwanga, na kati ya 1888 na 1892 wakapigana vita, dini na vyeo vikiwa kitu kimoja.

Kakungulu alijifunza Biblia kwa Waprotestanti, akapigana upande wao, akawa jemadari. Mwaka 1899 alikuwa mmoja wa waliowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro. Akawashindia Waingereza nchi kubwa ya mashariki, akitegemea watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Walipunguza madaraka yake kidogo kidogo.

Miaka ya 1910 akahamia kwa Bamalaki, kundi lililoshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Hapo napo hakutulia. Alisoma vitabu vya Musa, akauliza: kama kutahiriwa kumeamriwa, mbona hatufanyi? Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake wakamwambia hiyo ni mambo ya Wayahudi. Basi akakubali kuitwa hivyo, akajitenga nao huko Gangama, karibu na Mbale. Mwaka 1920 Myahudi mmoja msafiri, Yosef, alikaa nao karibu nusu mwaka, akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na mafundisho kwa Kiganda. Akafa mwaka 1928, cheo kimekwisha.

Mtu atasema: huyu alibadili kwa hasira ya kunyimwa ufalme. Inawezekana hasira ilikuwepo, wanaosoma historia yake wanasema hivyo. Lakini tazameni yaliyofuata. Wafuasi wake, Abayudaya, walibaki. Idi Amin alipotawala, 1971 hadi 1979, alikataza dini yao, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia dini nyingine. Wakabaki karibu 300, wanasali kwa kujificha. Amin alipoondoka, vijana wakaanza kujenga upya. Mwaka 2002 marabi kutoka nje wakawapokea mamia kwa utaratibu wa Kiyahudi, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, akawa rabi baada ya kusomea Marekani. Hasira ya mzee mmoja haiwezi kumfanya mjukuu asali gizani miaka minane. Kilichobebwa kilikuwa kitu kingine.

Hatusemi muwe Wayahudi. Tunasema hivi: Abayudaya chini ya Amin na wazee wetu wa Ruziba mwaka 1986 hawakujuana, lakini walikuwa na kitu kimoja. Imani yao haikuwa imewekwa kwenye jengo. Ilikuwa imehamia ndani ya mtu.

TULIPOFIKA

Mwaka 2015 tuliondoka Ruziba usiku, na mfuko mmoja wa nguo. Siku za kwanza ugenini, chini ya turubai, hatukuwa na mhubiri, wala kitabu, wala jirani tunayemjua. Jioni ya tatu mmoja wetu akaanza ile sala ya wazee, akichagua maharage. Mwenzake, yule wa madrasa, akaitikia. Hakuna aliyekuwa amepanga. Tangu siku hiyo tunasali katika jumuiya ndogo ya Kikatoliki hapa kambini. Hatukurudi kwa sababu ndiko tulikozaliwa, maana mmoja wetu hakuzaliwa huko. Tulikaa kwa sababu tulipopimwa, sala hiyo ndiyo iliyokuwa bado iko nasi.

Na ya wengine hatukuyatupa. Tunanawa na kusali kwa saa yake, kama mjomba. Tunaombana msamaha kama Wapentekoste. Tunasoma wenyewe kama Msabato wetu. Anayefikiri safari ya kutafuta ni kupoteza wakati, aje atuone jioni.

MIZANI TATU

Kwa familia zenye swali hili nyumbani, tunatoa mizani tatu tulizozitumia.

Ya kwanza, faida. Kama kuna sabuni, nguo, ahadi ya safari ya ng'ambo au mchumba, jiulize: vikiondolewa vyote, nitabaki? Siyo dhambi kupokea sabuni. Ila sabuni inakwisha.

Ya pili, uhai. Imani inayomkataza mtoto dawa au chanjo isiingie nyumbani. Omba, halafu nenda zahanati, au nenda zahanati ukiomba. Malaria haingoji maombi ya siku saba.

Ya tatu, jirani. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye seminari ya Buta huko Bururi, wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Wakauawa 40. Vijana wale walikuwa wa umri wa watoto wetu. Dini inayokufundisha kumwachia mwenzako mkono, hata kama ina ngoma nzuri, haijafika kwenye kipimo hicho.

KWA WAZAZI

Binti yetu mkubwa alituambia mwaka jana kwamba anataka kusali na Waanglikana. Tulinyamaza, kwa kweli moyo uliuma. Halafu tukamuuliza maswali ya mizani tatu. Alijibu mawili vizuri. La faida akasema bado anafikiri, maana kuna kijana wa kwaya. Tukacheka wote watatu. Tumekubaliana aende, asome mwaka mzima kabla ya kuandikishwa, na chakula cha jioni tule pamoja. Hatujui atamalizia wapi. Tunajua tu hatala peke yake.

Wazazi, mtoto anayeuliza bado anawaamini, ndiyo maana anawauliza ninyi. Mkimfukuza, atauliza kwa wengine, na siyo wote wanaomtakia mema. Vijana, msiwadharau wazee kwa sababu mmeona mwanga mpya. Huenda mzee huyo alishika taa yake siku ambazo kuiwasha kulikuwa kosa.

Kuna familia zitakazorudi Burundi, nyingine zitapelekwa nchi za mbali, nyingine zitabaki hapa. Turubai hazitabebwa, wala mabenchi ya kanisa, wala mikeka ya msikiti. Kila mmoja aangalie alichonacho kisichohitaji gari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Wazee wetu walisali vipi wakati wa hatari? Tuwaulize kabla hawajatuacha.
2. Kama hapa kambini kusingekuwa na jengo lolote la ibada, sala gani ingebaki nyumbani kwetu?
3. Kuna mtu wa nyumba hii anayekula peke yake kwa ajili ya dini? Nani atamwita mezani leo jioni?