Gari la Umeme Kabuchai: Hesabu Iko Kwenye Kilomita

Toyota Probox imezitawala barabara za Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, kwa sababu zinazoeleweka. Ukikunja viti vya nyuma, inabeba magunia ya vitunguu na kabeji kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi soko la Chwele. Ukivirudisha, inapeleka watu Bungoma. Ikigoma, fundi yuko kando ya barabara, na vipuri havikosi Bungoma wala Kitale. Anayefikiria kuiacha anunue gari la umeme asianze na bei ya kununulia. Aanze na kilomita anazokwenda kwa mwezi.

Tuchukue petroli kwa shilingi 180 kwa lita. Probox ya 1500cc huenda kama kilomita 14 kwa lita, yaani shilingi 13 hivi kila kilomita. Nissan Leaf iliyotumika Japani huenda kama kilomita 6 kwa uniti moja ya stima, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Stima ya nyumbani ikikufikia kwa shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi, ni shilingi 5 kila kilomita. Tofauti ni karibu shilingi 8.

Sasa tuseme Leaf imeizidi Probox bei kwa shilingi 400,000. Mfanyabiashara anayezunguka Chwele, Kimilili na Kitale kilomita 2,500 kwa mwezi anaokoa kama shilingi 20,000, na pengo hilo linafunikwa kwa miezi 20. Hata akitenga shilingi 3 kila kilomita kama akiba ya betri, jambo ambalo ningemsihi alifanye, itamchukua miezi 32. Lakini mwenye gari la kanisani na matangani, kilomita 300 kwa mwezi, anaokoa shilingi 2,400 tu. Atahitaji karibu miaka 14, na betri itakuwa imechoka zamani. Huyo abaki na petroli.

Kuna nafuu nyingine: hakuna oili ya injini, plagi wala klachi, na breki hudumu kwa sababu gari likiteremka mlima mota yenyewe hulipunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Lakini Leaf ya betri ya 40 kWh ina uzito wa kama tani moja na nusu na iko chini. Kwenye murram yenye mashimo, matairi na shokabu vitadai pesa zao. Bima kubwa nayo hukadiriwa kwa thamani ya gari, kwa hivyo gari ghali litalipiwa zaidi.

Betri ndiyo roho ya ununuzi huu. Ya Leaf hupozwa na hewa tu, haina maji ya kuipoza, na joto huichakaza. Ubaridi wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, unaifaa kuliko joto la Mombasa. Kabla ya kulipa, tazama dashibodi: pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vya afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Usitosheke na hivyo. Chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia yenyewe. Muuzaji anayekataa kipimo hicho, achana naye.

Stima pia ina mambo yake. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalum ya kuchajia magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi, lakini ni ya anayetumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi. Mwenye gari moja nyumbani lisilofikisha kiasi hicho atalipa bei ya kawaida. Mwaka huohuo, tarehe 25 Agosti, stima ilikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kwa hivyo usiishushe betri hadi mwisho ukitegemea kuchaji usiku huohuo.

Kwa Kabuchai, mimi naona bodaboda ya umeme ndiyo itakayotangulia kufaidi. Mwendeshaji wake yuko barabarani kutwa nzima. Ila kampuni nyingi zinazouza bodaboda hizo hubaki na betri na kumtoza kila anapobadilisha, hivyo kabla ya kutia sahihi aulize mambo mawili: bei ya kubadilisha betri, na umbali wa kituo kutoka stejini kwake.