Ziwa Victoria na Swali la Wingi wa Watu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza, ilhali ile ya mwaka 2012 ilikuwa imepata 2,772,509, na ongezeko hilo la zaidi ya watu laki tisa katika muongo mmoja limetokea kando ya ziwa ambalo eneo lake, kilomita za mraba zipatazo 68,800 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya, haliongezeki. Ndiyo maana swali la kama dunia imejaa watu kupita kiasi, ambalo kwingineko hujadiliwa kwa hesabu za jumla, linaweza kuchunguzwa vizuri katika kata ya Kirumba jijini Mwanza, kwenye mwalo, yaani ufukwe wa kupokelea samaki, ambao dagaa wake huuzwa hadi Rwanda, Burundi na Kongo.

Mwaka 1798 Mwingereza Thomas Malthus alidai kuwa idadi ya watu huelekea kukua haraka kuliko chakula, na kwamba njaa na maradhi ndivyo huirudisha chini. Tangu hapo dunia, iliyokuwa na watu wapatao bilioni moja, imefikisha bilioni 8 mnamo Novemba 2022, na Umoja wa Mataifa unakadiria kilele cha takribani bilioni 10.3 katika miaka ya 2080. Wanaikolojia, yaani wataalamu wa uhusiano wa viumbe na mazingira yao, huzungumzia uwezo wa kubeba, maana yake idadi ya viumbe ambayo mazingira fulani yanaweza kuilisha bila kuharibika. Kwa ng'ombe malishoni hesabu hiyo si ngumu sana. Kwa binadamu ni ngumu, kwa kuwa binadamu wawili hawali sawa wala hawatumii zana sawa, na mmoja wao anaweza kula kutoka katika ziwa asilowahi kuliona.

Historia ya Ziwa Victoria inalithibitisha jambo hilo. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, huku mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikitoweka au kubaki haba. Maangamizi hayo yalianza wakati Tanzania nzima, kwa sensa ya mwaka 1978, haijafikisha watu milioni 18. Baadaye viwanda vya Mwanza vikawa vinasafirisha minofu ya sangara hadi Ulaya, na wakazi wengi wa jirani wakabaki kununua mapanki, yaani vichwa na mifupa inayosalia baada ya minofu kukatwa. Msukumo wa kuvua kupita kiasi, basi, haukutokana na walaji wa Kirumba peke yao.

Dagaa nao wana funzo lao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kisha huanikwa juani. Wakitandazwa mchangani hushika uchafu, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka huoza au huuzwa kwa bei ya kutupa wawe chakula cha kuku, lakini wakiwekwa juu ya chanja, yaani majukwaa ya miti yaliyotandikwa wavu, hupata hewa juu na chini na kukauka upesi wakiwa safi. Kila gunia linalookolewa hivyo ni chakula kilichoongezeka bila ziwa kuvuliwa zaidi.

Hata hivyo, itakuwa kosa kubwa kudai kwamba idadi haina uzito. Mwanamke wa Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, huzaa wastani wa watoto 4.8, na wastani huo hushuka pale wasichana wanapobaki shuleni na wanawake wanapopata huduma za uzazi wa mpango kwa hiari yao. Jiji la Mwanza limejengwa juu ya miamba, ambako kuchimba choo ni kazi ngumu, na mvua huteremsha uchafu wa vilimani hadi Mto Mirongo, unaouingiza ziwani, ambako rutuba yake hustawisha mwani unaooza na kumaliza hewa ambayo samaki huihitaji. Hapa kila kaya mpya isiyo na choo salama inahesabika. Mamlaka zinazowasaka wenye makokoro na nyavu haramu hazina budi kuushughulikia Mto Mirongo kwa ukali uleule, kwa sababu samaki anayekosa hewa hafi kwa kosa la mvuvi.