Masasi na Newala: Kweli au Uongo?

Mgeni anayepanga safari ya kusini huwa ameshajazwa maneno kabla hajakata tiketi. Ataambiwa huko vinyago vimepangwa mtaa kwa mtaa, maji ni ya kutafuta kwa tochi, panya ndiyo kitoweo, na lami inaishia porini. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana ukweli uliopinda. Lakini kinachowaangusha wageni wengi hakimo hata kwenye orodha hiyo. Wanauliza waende wapi, hawaulizi waende lini. Mji wa Newala wa mwezi Machi na Newala ya Novemba ni miji miwili tofauti, na hakuna mwenyeji atakayekuzungusha vizuri katika majira yasiyofaa.

"Masasi iko juu ya uwanda wa Makonde."

Uongo, na ndio wa kwanza kuondoa kwa sababu kuuondoa kutakusaidia kufunga begi. Newala ndiyo iliyo juu, ukingoni kabisa mwa uwanda, ikiangalia bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe vilivyochomoza ghafla kutoka ardhini: Mkomaindo, Mtandi na wenzake. Masasi kuna joto. Newala, Juni na Julai, jioni upepo unapita hadi kwenye mifupa. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliulalamikia upepo huo kitabuni mwake. Beba sweta.

Tofauti haiko kwenye hewa tu. Newala kwa sehemu kubwa ni mji wa Wamakonde. Masasi ni njia panda ya Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, na ukikaa kijiweni Mkuti kwa saa moja utasikia utani wa makabila ukipigwa kwa lafudhi zote hizo.

"Newala ni jangwa, maji hakuna."

Hapa ukweli na uongo vimelala kitanda kimoja. Mvua ya Newala si haba, kwa mwaka hukaribia milimita 1,000, na uwanda mzima ni kijani cha mikorosho, mihogo na mbaazi. Jangwa halina korosho. Tatizo ni udongo. Juu ya uwanda ni mchanga unaomeza maji mara yanapogusa ardhi. Yanazama, yanapita chini, kisha yanatokea kama chemchemi chini kabisa kwenye miteremko. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa mvua asubuhi na jioni akakosa maji ya kupikia.

Mgeni mwenye akili huuliza: sasa kwa nini watu walijenga juu, mbali na maji? Kwa sababu chini kulikuwa na hatari. Karne ya 19 mabonde yalikuwa njia za wafanyabiashara wa watumwa na za mashambulizi ya Wangoni, na vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome. Watu waliamua bora kiu kuliko minyororo. Gharama ya uamuzi huo ilibebwa kichwani na wanawake, vizazi kwa vizazi, wakishuka bondeni na kupanda na mitungi.

Baadaye ukaja Mradi wa Maji wa Makonde, wa kusukuma maji kwa pampu kutoka bondeni kupeleka juu, na miaka ya 1970 na 1980 Wafini walitia mkono mkubwa katika maji ya Mtwara na Lindi. Kisha Makonde ikaingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India. Kusukuma maji kupanda mlima hula umeme na hula vipuri, na mabomba yana siku zake za kugoma. Kwa hiyo tazama paa la bati la nyumba ya Newala, ufuate mfereji wake unakoishia: mara nyingi utakuta tangi la saruji la kukinga mvua. Kwangu mimi matangi hayo yanaeleza utamaduni wa uwanda huu kuliko kinyago chochote. Na ukiwa mgeni wa mtu, usioge ndoo mbili.

"Huko ndiko kwenye vinyago vya Kimakonde."

Hapa ndipo wageni wanapoondoka wamenuna. Wamefika nyumbani kwa Wamakonde, wamezunguka soko la Newala, wamekuta mitumba, vitenge, majembe, dagaa, chaja za simu na viatu vya shule. Vinyago viko wapi?

Viko Dar es Salaam, pale Mwenge, na kuna sababu. Sanaa ya mpingo inayouzwa duniani kwa jina la Kimakonde ilikulia mjini, mikononi mwa wachongaji ambao wengi wao walitoka ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda huko Msumbiji, wakivuka kuja kutafuta kazi. Miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa akinunua kazi zao Dar es Salaam, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa muongo huo. George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, ilibidi naye ahamie Dar es Salaam, akaingia Nyumba ya Sanaa, na ndipo mashetani yake ya rangi yakaenda kuonyeshwa Ulaya na Marekani.

Kilichochongwa nyumbani kwa ajili ya wenye nyumba kilikuwa barakoa ya ngoma, ya mti mwepesi, kwa sababu hakuna atakayecheza usiku kucha amefunga gogo la mpingo usoni. Upande wa Tanzania barakoa hufunika uso, upande wa Msumbiji huvaliwa kichwa kizima kama kofia. Haikutengenezwa ikae kwenye rafu ya sebuleni. Ukitaka zawadi ya mpingo, pitia Mwenge wakati wa kurudi, hakuna aibu.

"Shimo la Mungu ni shimo."

Uongo. Ni ukingo wa uwanda, hapohapo mjini Newala, ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Asubuhi za kipupwe ukungu hujaa chini na huoni kitu. Nenda alasiri.

"Wamisheni waliua ngoma."

Uongo mkubwa, na Masasi ndiyo ushahidi. Misheni ya Waanglikana ilianza hapa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Ndiye Steere yuleyule wa sarufi ya Kiswahili. Nia ilikuwa kuwasogeza watu hao kuelekea makwao upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaipenda ardhi, wakakaa. Misheni ilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, ikachomwa tena wakati wa Maji Maji mwaka 1905, na bado ukienda Mtandi utaikuta chini ya mlima wake.

Sasa, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kupiga marufuku jando ni kupoteza vijana wote. Akalichukua, akalitia sala na padri, akaliacha likaitwa jando. Wapo walioona amelipoza, wapo wamisheni wenzake walioona amekufuru. Lakini ngoma haikufa. Weule aliitia kwenye nta ya fonografu na kwenye filamu mwaka 1906, na leo ipo kwenye spika za bajaji.

Majira yake ni baada ya mavuno, na likizo za shule, Juni na Desemba. Mambo ya ndani ya jando na unyago hayakuhusu, na mwenyeji anayejitapa kwamba atakuingiza ni tapeli. Kinachokuhusu ni siku ya kutoka: wali wamevalishwa nguo mpya, wamefunikwa miavuli na khanga, akina mama wanacheza barabarani, shangazi anatunza noti mpaka pochi inalia. Simama pembeni. Ukipewa nafasi ya kutunza, tunza. Picha ya mwali haipigwi mpaka mzazi akubali, na akikataa usijifanye hukusikia.

Na hili la kwamba sindimba ni ngoma ya matusi: kiuno kinazungushwa, ndiyo. Serikali baada ya uhuru iliichukua ikaiweka kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa mbele ya wakubwa na wageni wao. Anayeona matusi amekuja nayo mwenyewe.

"Korosho Masasi ni bei chee."

Nusu. Korosho ghafi nyingi za Tanzania hupakiwa kwenda India na Vietnam bila kubanguliwa, kwa hiyo usidhani kila duka lina magunia ya korosho nyeupe. Watafute akina mama wanaobangua kwa mkono na kuuza kwenye vifuko. Usijaribu kung'ata korosho mbichi na ganda lake: mafuta ya ganda yanababua mdomo.

Kitu cha kuona ni mnada. Tangu mwaka 2007, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinaingia ghalani, na kuanzia Oktoba vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, huitisha minada. Bei husomwa hadharani na wakulima wenyewe husema wanauza au hawauzi. Oktoba 2018 walisema hawauzi, na mambo yakafika Ikulu: Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi likabebe mzigo. Sijui mkutano wa hadhara ulio mtamu kuliko mnada ambao bei imekuja chini.

Malipo yakiingia, mji unabadilika sura: pikipiki mpya, mabati, harusi, singeli hadi alfajiri. Ni majira ya mabibo pia, na juisi yake iliyochachushwa, uraka, itakuzunguka. Uraka mpya ni mpole. Gongo yake ni kosa la jinai, ikatae.

"Wanakula panya."

Kweli, baadhi, na usikunje uso. Ni panya wa shambani, anaitwa samaki nchanga, na Waislamu wengi hawamgusi. Hayuko kwenye mgahawa, kwa hiyo hutalishwa kwa bahati mbaya. Mimi ningekuelekeza kwanza kwenye ming'oko: mizizi myembamba ya porini, huchemshwa na chumvi, huuzwa stendi wakati wa kiangazi. Unaimenya kwa meno. Nani anayeandika habari za chakula cha kusini akaacha ming'oko?

"Masasi ndiyo mwisho wa barabara."

Ilikuwa karibu na kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kivuko cha Rufiji na matope viliweza kukuweka njiani siku kadhaa. Leo Masasi ni njia panda: Lindi na Mtwara, Nachingwea, Newala, Tunduru hadi Songea, na Mtambaswala, ambako Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 linakuvusha Msumbiji. Mkapa mwenyewe amezikwa Lupaso, wilaya hiihii.

Basi panga hivi. Ukitaka mnada na shamrashamra, njoo kati ya Oktoba na Desemba, uweke chumba mapema kwa sababu wanunuzi wa korosho huwahi. Ukitaka ngoma na baridi, njoo Juni. Ukilazimika kuja Machi, leta mwavuli, na ukiambiwa gari la Newala linaondoka saa mbili, kunywa chai kwanza.