Debe na Nusu la Hewa

Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika za milangoni mwa gari langu, Corolla iliyozoea vumbi la Tabora, haziufikii uzi huo. Kwa miaka mingi nimesikiliza muziki wa zamani wa mji wetu kama msikilizaji aliye nyuma ya ukuta: waimbaji nawasikia, gitaa la solo nalisikia, ila anayeutembeza wimbo hayupo.

Na muziki wenyewe si wa kupuuzwa. Miaka ya 1960 na 1970 Tabora ilikuwa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, waliotupa "Dada Asha". Mara nyingi kurekodi kulikuwa Dar es Salaam, Redio Tanzania. Wanamuziki wa bara walisafiri masafa marefu kuelekea pwani wapige nyimbo chache mbele ya maikrofoni, kisha warudi. Mpiga besi aliyefunga safari ya namna hiyo anastahili kusikika. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kibanda cha fundi, chini ya mwembe, kujenga boksi la sabufa kwa faiba.

Maboksi yaliyokwisha kutengenezwa yapo madukani. Ni ya mbao, ya mraba, na yanameza buti lote. Mimi napakia mpunga, ndoo za asali, na mizigo ya ndugu wanaosafiri. Lakini kila buti lina pango lisilofanya kazi, pale nyuma ya tairi, ambapo bati limejikunja na hakuna begi linaloingia vizuri. Mbao hailiwezi pango hilo. Faiba inaliweza, kwa sababu inakuja ikiwa majimaji ya resini na kitambaa, inalala juu ya kila mkunjo, kisha inakauka na kubaki na umbo lile lile.

Mtu wa Unyamwezi hashangazwi na jambo hilo. Wafuga nyuki wetu wamelifanya tangu zamani kwa mzinga wa magome. Unachagua mti wa mtundu ulionyooka, unakata duara juu na duara chini, unapasua gome kwa urefu, kisha unalibandua taratibu mpaka linatoka zima kama kanzu iliyovuliwa. Mpasuko unafungwa kwa vijiti, ncha mbili zinazibwa, tundu la nyuki linaachwa. Ganda linabaki na umbo la mti. (Mti wenyewe hufa, na ndiyo maana mizinga ya mbao inahimizwa siku hizi. Naunga mkono, ingawa natamani ufundi ule usipotee.) Tofauti yetu ni kwamba ganda la faiba linachukua umbo la gari, na gari linabaki zima.

Tulitoa kapeti, tukabandika maski tepu tabaka tatu juu ya bati, tukafunika kwa karatasi ya foili, tukapaka nta. Hatua hiyo inachosha na haina raha yoyote, lakini ukiiruka, resini itashika bati na hutalitoa ganda bila patasi. Kisha tukakata mati ya nyuzi za kioo vipande vya ukubwa wa kiganja, maana kipande kikubwa hakikubali kona. Unapaka resini, unalaza kipande, unakigonga kwa ncha ya brashi mpaka weupe unaondoka na mapovu yanatoka. Povu likibaki, pale patakuwa udhaifu.

Hadena, dawa inayoigandisha resini, ndiyo inayotaka akili. Kipimo ni asilimia moja hadi mbili ya resini, na jua la Tabora mwezi wa Oktoba linaongeza mkono wake. Siku ya kwanza nilichanganya kopo zima saa sita mchana na kumimina hadena kwa kukisia. Kabla sijamaliza vipande vinne kopo lilikuwa la moto, likatoa moshi, resini ikawa jiwe na brashi ndani yake. Tangu siku ile tulifanya kazi kuanzia alfajiri, kopo dogo dogo, na hadena kwa kipimo cha bomba la sindano. Niseme jingine kwa msisitizo: hadena ikiruka jichoni inaweza kulipofua, mvuke wa resini unaumiza kichwa na mapafu, na vumbi la nyuzi za kioo linawasha ngozi siku nzima. Miwani, glavu, barakoa, na kazi ifanyike nje. Vijana wengi wanaifanya kazi hii kifua wazi, na inaniuma kuwaona.

Baada ya ganda la nyuma kutoka, tulichonga pete ya MDF ya kukalia spika ya inchi 12, tukaisimamisha kwa vijiti mahali tulipotaka uso wa boksi uwe. Juu ya pete na kingo za ganda tulivuta fulana kuukuu, ikakazwa kama ngozi ya ngoma. Hapo ndipo umbo linapozaliwa, kwa sababu kitambaa kilichovutwa hutafuta chenyewe mkunjo wake kutoka pete hadi ukingo. Fulana ikainywa resini, ikakauka, tukaongeza mati kwa ndani mpaka unene ukafika kama milimita nane. Halafu puti, msasa, puti tena.

Ila uzuri wa nje si kitu kama ndani hapajapimwa. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na kwenye besi mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana. Ndiyo maana spika isiyo na boksi hutikisika sana na kusema kidogo. Boksi hulifungia lile la nyuma. Hewa iliyofungwa nayo inakuwa springi: inakirudisha kifua cha spika kila kinapotoka au kuingia. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitumia springi hiyo ya hewa kutengeneza spika ndogo yenye besi nzito. Hewa hiyo ikiwa kidogo mno, besi inavimba kwenye sauti moja na kuziacha nyingine. Kwa hiyo hewa ni kipimo, na sabufa yangu ilitaka lita 28. Boksi lenye mikunjo hulipimi kwa futi. Tulimimina mpunga ndani, debe moja na nusu hadi kwenye mdomo, tukatoa sehemu inayokaliwa na sumaku ya spika, hesabu ikakubali.

Fundi alitaka tutoboe mlango wa hewa ili mdundo uwe mkubwa zaidi. Kwa singeli na bongo fleva ana haki: boksi lenye tundu linanguruma kwa nguvu ndogo ya amplifaya. Lakini sauti yake huchelewa kunyamaza, na besi ya Tabora Jazz haingurumi, inatembea. Nikakataa. Tukaziba kila upenyo kwa silikoni, nikakibonyeza kifua cha spika kwa vidole vinne na kukiachia. Kilirudi polepole, kwa uzito. Hewa haikuwa na pa kutokea.

Umeme nitausema kwa ufupi. Amplifaya ya wati 500 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 40, kwa hiyo waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu na betri. Waya mwembamba usio na fyuzi umeshachoma magari.

Boksi na spika yake vilikuwa na uzito wa karibu frasila moja na nusu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba hata frasila mbili begani kutoka hapa hadi Bagamoyo, na mbele ya msafara alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, pamoja na ngoma na baragumu, ili walio nyuma kabisa wajue njia inakwenda wapi. Nililifunga boksi kwa bolti nne nikashika barabara ya Urambo, njia ya kuelekea Ujiji, "Dada Asha" ikipigwa. Mpiga besi alikuwepo. Nilisikia mpaka pale anapoinua kidole ili noti ife kabla ya nyingine.

Kabla ya Urambo nilisimama kununua asali. Mzee aliyeuza alizunguka nyuma ya gari, akasikiliza, akaomba nifungue buti. Aliligonga ganda kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama mtu anayepima mzinga kabla ya kuupandisha mtini.

"Ndani mna nini, mwanangu?"

"Hewa tu, baba."

Akaligonga tena, upande wa pili.