Maneno Madogo ya Kiingereza Yawezayo Kumpotezea Mtu Shamba

Mwenye kujifunza Kiingereza hupenda maneno makubwa. Huyaandika katika daftari lake, huyakariri njiani, na hufurahi kuyatumia mbele ya watu. Lakini barua za serikali na za biashara mara nyingi hazimponzi msomaji kwa maneno makubwa. Humponza kwa maneno mafupi kama "may", "must" na "shall", pamoja na vihusishi vinavyofuata nyuma yake, kama "by", "in", "within" na "until".

Neno la kwanza hueleza kama jambo ni ruhusa, ni lazima, au ni dhana tu. Kihusishi hueleza wakati, mahali au njia. Kila neno likiwa peke yake halina shida. Shida huanza yanapokutana, kwa maana kihusishi chaweza kuigeuza maana ya neno lililotangulia.

Tutazame mfano. "He must be in Embu." Kwa kawaida msemaji anakisia: bila shaka mtu yule yuko Embu. Sasa tuongeze kidogo: "He must be in Embu by eight." Hapa hakuna kukisia tena, bali ni lazima awe amefika Embu ifikapo saa mbili. "Must" ni lile lile, lakini "by eight" limeligeuza kuwa amri. Vivyo hivyo "He may be at the office" ni kusema huenda yumo ofisini. Lakini "He may go to the office", likitoka kwa mkubwa wake, ni ruhusa ya kwenda.

Wengi wetu hukosea hapa kwa sababu neno moja la Kiswahili hufanya kazi ya maneno mengi ya Kiingereza. Twasema "mpaka Ijumaa" kwa mambo mawili. "You must pay by Friday" maana yake ulipe siku yoyote, mradi Ijumaa isipite. "You must stay until Friday" maana yake usiondoke kabla ya Ijumaa. Karani akiyatafsiri yote mawili kwa "mpaka", mzee anayemsikiliza hatajua kama anahimizwa au anazuiwa. Tena mdeni akisema "I can pay in seven days", kwa kawaida anaahidi fedha siku saba zikiisha. Akisema "within seven days", anaahidi kulipa kabla hazijaisha. Anayemdai mbuzi wake hana budi kuijua tofauti hiyo.

Wakati mwingine kihusishi kimoja huwa na maana tatu katika sentensi moja: "The fence by the river must be built by the owner by Friday." La kwanza ni "kando ya", la pili ni "na", la tatu ni "kufikia". Yaani ua ulio kando ya mto hauna budi kujengwa na mwenyewe kufikia Ijumaa.

Mambo haya si mchezo wa darasani. Tufikiri habari za Kiambere, katika nchi ya Mbeere, mahali ambapo Mto Tana hututenga na Ukambani. Zamani ardhi ilikuwa ya ukoo, na mipaka ilijulikana kwa mawe, miti na kumbukumbu za wazee. Katika miaka ya 1970 kazi ya kuamua na kupima mashamba ilikuwa imekwisha kuingia Mbeere. Tena bwawa la umeme la Kiambere lilipokamilika katika miaka ya 1980, maji yalifunika mashamba ya kando ya mto, na watu wengi wakahama. Mahali kama hapo, mtu asiye na jina lake katika daftari yu hatarini.

Sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, yaani Sura ya 284, imeandikwa kwa Kiingereza. Humo, mtu asiyeridhika na daftari la mashamba amepewa haki kwa neno moja pole, "may": aweza kupinga. Anayesoma hapo tu hudhani kwamba atapinga siku apendayo. Lakini neno hilo limefungwa kwa mafundo matatu. "Within sixty days" lasema ni lini: kabla siku sitini hazijaisha tangu tangazo la kumalizika kwa daftari. "To the adjudication officer" lasema ni kwa nani: si kwa chifu wala kwa jirani. "In writing" lasema ni kwa njia gani: kwa maandishi, si kwa mdomo. Anayeshindwa katika pingamizi lake naye aweza kukata rufani kwa Waziri, lakini huko pia "may" limefungwa na siku sitini.

Hata kuhesabu siku kwataka uangalifu. Kwa sheria za Kenya, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Tangazo likitolewa tarehe 1 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 2 Machi, na ya sitini ni tarehe 30 Aprili. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, muda husogezwa mpaka siku ya kazi inayofuata. Lakini katika mwaka wa kawaida, mtu aliyedhani kwamba siku sitini ni miezi miwili kamili, akaenda tarehe 1 Mei, atakuwa amechelewa kwa siku moja. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo, makarani na vijana mnaosomea wazee barua, msiishie kwenye "may" au "must". Someni mpaka mwisho wa sentensi, kisha ulizeni maswali matatu: ni lini, ni kwa nani, na ni kwa njia gani? Majibu yake myaandike kwa Kiswahili pembeni mwa barua, pamoja na tarehe ya mwisho. Nanyi wazee, msikubali kuambiwa tu kwamba "inaruhusiwa". Ulizeni ruhusa hiyo itakwisha siku gani.