Je, Wajua? Adui wa Ukuta Mfupi ni Maji

Yamkini msomaji adhani kwamba ukuta wa bustani usiofika hata kiunoni hauhitaji msingi wa maana. Lakini hakika ni kwamba kuta za namna hiyo, hasa zinazozuia udongo wa mtelemkoni, aghalabu huangushwa na maji, kwa kuwa udongo uliolowa mvua za masika huongezeka uzito, ukausukuma ukuta kwa nyuma usiku na mchana.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye maarifa huondoa kwanza udongo mweusi wenye mizizi mpaka aifikie ardhi ngumu, akachimba msingi mpana kuliko ukuta wenyewe, akamwaga kokoto kiasi cha sentimita 15 na kuzishindilia barabara, ndipo akalaza safu ya kwanza ya mawe chini ya usawa wa ardhi, akiipima kwa pimamaji kwa subira kubwa, maana kosa dogo la hapo huzidi kadiri ukuta unavyopanda. Nyuma ya ukuta hujaza kokoto tena, na kuacha matundu ya kutolea maji.

Wahenga wa Lamu na Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo huvumilia mtikisiko mdogo wa msingi bila kupasuka upesi kama saruji. Ustadi huo wastahili heshima.

Basi ewe msomaji uliyeazimia kujenga, mtake fundi akuonyeshe kokoto zilizokwisha kushindiliwa kabla hajalaza jiwe la kwanza.