Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Barabara ya Tukuyu kwenda Kyela hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika kwenye mashamba ya mpunga na kakao. Noah iliyosheheni abiria na magunia huteremka kona baada ya kona, na katika kila kona uzito mwingi hulalia wishiboni za upande mmoja, ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na bodi. Huko chini kuna mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na tope la Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kazi ya bushi, zinazoshika wishiboni kwenye bodi, na boljointi, zinazoishika upande wa gurudumu, haiwezi kukosekana mahali pa namna hiyo. Kinachouma ni bushi mpya kufa baada ya miezi michache, mwenye gari akaambiwa alinunua spea feki. Spea feki zipo, hilo halina ubishi. Ila kuna bushi nzima zinazouawa siku ileile ya kufungwa, na spana ndiyo inayoziua.

Ishike bushi mkononi uitazame. Katikati pana bomba dogo la chuma, nje pana bomba kubwa, na kati yao raba iliyogandishwa kwenye yote mawili. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani hubanwa na halizunguki tena. Kuanzia hapo gurudumu likipanda na kushuka, kinachojipinda ni raba peke yake.

Sasa gari liko juu ya jeki, gurudumu linaning'inia, na fundi anakaza mpaka mwisho kisha anashusha. Chukua wishiboni ya sentimita 35 ambayo ncha yake imeshuka sentimita 10 chini ya mahali pake pa kawaida: hizo ni kama nyuzi 16 au 17. Gari likikanyaga chini, raba yote inapindwa kwa kiasi hicho na kubaki hivyo, hata gari likilala uani usiku kucha. Kila shimo la barabarani linaanzia kwenye raba ambayo tayari imekamuliwa kama nguo, nayo huchanika pembeni kabla ya wakati wake.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kufungua, gari likiwa chini, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda. Funga wishiboni yenye bushi mpya, bolti uzisogeze tu zishike. Kisha weka stendi imara chini ya bodi, inua wishiboni kwa jeki upande wa boljointi hadi kipimo kile kirudi, ndipo ukaze mwisho. Boljointi yenyewe haina sharti hili, kwa kuwa huzunguka huru.

Kukaza nako kuna hesabu yake. Bolti nzuri hushikilia kwa kuwa imevutwa ikarefuka, nayo hutaka kurudi. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alitangaza kwamba urefu unaoongezeka hulingana na nguvu inayovuta, na chuma cha bolti hufuata kanuni hiyo mpaka kikomo chake. Bolti ya milimita 12 ikikazwa kwa newtoni-mita 90, sawa na kilo 18 zilizoning'inizwa mwisho wa spana ya nusu mita iliyolala, hubana kwa karibu tani 4. Ikiwa imebana unene wa milimita 60, hurefuka takriban milimita 0.13 tu.

Hapo ndipo Kyela inapohitaji uangalifu wa pekee. Ganda la kutu na tope kavu chini ya kichwa cha bolti laweza kuwa nene kuliko hiyo 0.13. Gari likitembea, ganda linasagika, pengo linabaki, na mbano wote umekwisha hata kama nati haijazunguka. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kwa ajili ya theluji, hufika na kutu yake tayari. Brashi ya waya, dakika tano, mpaka chuma king'ae.

Kuhusu oili, uliza kitabu cha gari kwanza. Takriban asilimia 90 ya nguvu ya spana huliwa na msuguano, kwenye hesi na chini ya kichwa. Paka oili bolti ileile, ikaze kwa newtoni-mita zilezile 90, na mbano unaweza kufika tani 5, ambao ni ukingo wa uwezo wa bolti yenye alama 8.8. Bomba linalochomekwa kwenye spana ili iwe ndefu huivusha bolti ukingo huo bila fundi kuhisi chochote.

Bolti iliyolegea nayo haiponi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba vipande vilivyobanwa vikianza kutelezeana kwa upande, nati hujifungua yenyewe. Kinachozuia kuteleza ni mbano wa kutosha. Nati ya boljointi yenye pini ina ulinzi wake, lakini tundu lisipolingana, songa mbele mpaka lilingane. Kuirudisha nyuma ni kupunguza mbano.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya safari moja ya Mbeya na kurudi, chungulia. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka: fungua, safisha, kaza upya. Ukiwa haujakatika lakini bado unasikia mlio chini ya gari, jaribu tena kwa spana ya kipimo, kisha uangalie boljointi na shokapu.